Mwito wa Pili

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mwanamke wa miaka arubaini na tatu, mwalimu wa jiografia, aliikata Pemba kutoka kusini hadi kaskazini kwa miguu, peke yake, begi mgongoni, hudhani wanazungumza na shujaa. Sikuwa shujaa hata siku moja kati ya zile sita. Nilikuwa mbishi tu, na kwa mbali mambo hayo mawili hufanana.

Nilianzia Chokocho, pale panapotazamana na Kisiwa Panza, likizo ya shule ilipoanza, kaskazi ikimalizika na masika hayajakaa sawa. Kwa miaka kumi na minane nimewachorea watoto ramani ya kisiwa hiki ubaoni, vilima na mabonde yake, na kila mwaka hapakosi mtoto wa kuuliza, "Mwalimu, na huko ushafika?" Nilichoka kudanganya. Nikanunua begi la mitumba lenye mikanda ya kifuani, nikatia kanga mbili, tochi, tende, dawa ya tumbo na msahafu mdogo. Mama mkwe wangu alinitazama nikifunga kamba za viatu, akaniuliza kwa ule upole wake wa kuudhi, "Na watu wakiuliza, mwanangu, tuwambie umefanywa n'ni?"

Hatuna milima ya kujivunia, tuna vilima. Lakini ni vilima visivyokwisha. Unapanda kimoja katikati ya mikarafuu mpaka magoti yanalia, unashuka kwenye bonde la mpunga, unavua viatu, unavuka maji, unavaa viatu, unapanda kingine. Mchana niliogopa nyoka na mbwa. Jioni nilibisha hodi kwa jamaa na walimu wenzangu, na huko ndiko nilikotiwa hofu za kweli, kwa maana kila nyumba ilinipakulia wali na hadithi. Wawi niliambiwa habari za mwanamke aliyekwenda kukata ukindu akarudi hana kauli. Kijiji cha mbele nikaambiwa za mwanamume aliyetembea kutwa nzima akauzunguka mti mmoja. Nilicheka pamoja nao, maana mimi ni mwalimu. Kufika siku ya tano begi lilikuwa limepungua uzito na kichwa kimejaa.

Usiku wa tano nililala kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, anayekaa kaskazini karibu na msitu wa Ngezi. Amepita miaka sabini, na hadi mwaka ule alikuwa akipanda mikarafuu kushinda vijana. Yeye na mkewe walinilea miaka miwili nilipokuwa mdogo, mama alipokuwa mgonjwa, na kila ninachokijua kuhusu kutembea porini nilikipata kwake. Nilikuwa nimebakisha kipande kimoja tu, kuupita msitu na kufika kwenye ncha ya kisiwa.

"Kesho hwendi peke yako," aliniambia. "Mvua yaja. N'takwenda nawe."

Nilimjibu kwamba nimetembea siku tano bila mtu, sitaki kuimaliza safari nikiwa nimeshikwa mkono kama mtoto anayepelekwa chuoni kusoma Kurani. Alicheka, akasema, "Haya, mwalimu," na nikajua hajakubali.

Asubuhi ilinyesha mfululizo. Baada ya adhuhuri ikakatika, naye alikuwa bado msikitini. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamuaga mkewe jikoni, nikatoka kwa haraka ya mtu anayetoroka.

Barabara ya msituni ni pana na mtu hawezi kupotea. Mimi nilipotea kwa sababu ya elimu yangu. Nilijua barabara inakunja kona kubwa, na nilipoona kijia cha wakata kuni kinachoelekea upande niliotaka, nikaamua kuikata kona. Kwa nusu saa nilijipongeza. Kisha kijia kikagawanyika, kikagawanyika tena, kikaishia kwenye maji meusi yaliyotuama chini ya mikindu. Nikageuka. Nilipogeuka sikuona nilikotoka.

Mvua ikarudi. Ilikuwa alasiri, lakini chini ya ile mivule ilikuwa kama magharibi. Simu haikuwa na mtandao, na kwa kuiwasha na kuizima nikaimaliza chaji. Kila jani lilikuwa linapigwa na tone lake, na katika ule mchanganyiko wa sauti nilianza kusikia hatua. Nikisimama, zinasimama. Nilijiambia ni hatua zangu mwenyewe. Popo wakubwa walilia juu ya vichwa vya miti, na kitu kingine, komba labda, kilitoa kilio cha mtoto mchanga. Nilijua ni komba. Nimewafundisha watoto kuhusu komba. Mwili ulinisisimka vilevile, nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, na mimi niliyeihifadhi tangu nina miaka saba nikakwama katikati. Nikaanza upya. Nikakwama palepale. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona kuna kinachonizuia.

Ndipo nikaitwa.

Sikuitwa kwa jina la shuleni wala la kwenye kitambulisho. Niliitwa kwa jina langu la nyumbani, la utotoni, ambalo watu walio hai wanaolijua hawafiki watano. Sauti ilitoka kushoto, ng'ambo ya bonde dogo, ndefu, ikivutwa mwishoni. Mdomo ulifunguka kuitikia, nikauziba kwa mkono.

Huku kwetu mtoto hufunzwa hivi kabla hajafunzwa kufunga kanga: ukiitwa porini, usiitike. Ngoja. Mtu huita mara tatu. Shetani hawezi ya tatu, huita mara moja au mbili, na ukimwitikia umekwisha. Nani alinifunza? Mjomba. Na sauti ilikuwa ya mjomba, jambo ambalo halikunituliza hata kidogo, maana wao huja na sauti ya unayempenda.

Nikachutama nyuma ya mizizi ya mti, magoti kifuani, begi bado mgongoni. Ikaita mara ya pili, karibu zaidi. Nikangoja ya tatu. Sijui nilingoja muda gani. Mvua ilikuwa ikiingia shingoni na kutoka kiunoni, na nilikuwa nikihesabu pumzi zangu. Ya tatu haikuja.

Nilikimbia. Nilikimbia upande mwingine, miiba ikinichana mikono, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope nisirudi kukichukua. Niliangukia barabarani kwa bahati tu, sikuitafuta. Mwenye bodaboda aliyenikuta pale alinisalimia mara mbili kabla sijaweza kumjibu. Akanipakia akanirudisha kijijini.

Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia mguu wangu usio na kiatu, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Mjomba'ko yuwapi?"

Sikumwelewa.

"Katoka kukufuata. Kaja toka msikitini kakukosa, kavaa koti, kasema atazifuata nyayo za viatu vyako. Hamkuonana?"

Nilikaa chini palepale, kwenye maji. Kumbe hofu niliyoijua mchana ule wote ilikuwa mchezo. Yule mzee alikuwa mle ndani, mvua inanyesha, kiza kinaingia, na mtu pekee duniani aliyejua yuko upande gani ni mimi. Niliwaambia majirani nilimsikia. Sikusema zaidi. Wanaume saba walichukua tochi na mapanga, nami nikatangulia kwa viatu vya kuazima, nikiwaongoza kurudi kule kule nilikoapa sitarudi.

Waliita njia nzima, mara tatu tatu, na baada ya kila mara ya tatu tulisimama kusikiliza. Mtu mmoja akauliza bonde lenyewe liko wapi, na sikuwa na uhakika, nikaonyesha tu. Nilikuwa nimeshaanza kumwona amekufa. Nilishamwosha na kumsitiri kichwani mwangu pale aliposikika mtu akipiga fimbo kwenye gogo, taratibu.

Alikuwa chini ya bonde, kwenye korongo la maji ya mvua, paja limevunjika, maji yamemfika kiunoni. Ardhi ilikuwa imemtelezesha kutoka juu. Walimtoa kwa mlango wa banda la wakata kuni walioung'oa, wakambeba mabegani hadi barabarani, na kila walipoteleza alisema samahani, kana kwamba yeye ndiye aliyewatelezesha.

Siku ya tatu hospitalini alikuwa na nguvu za kuzungumza. Nilikuwa nikimnywesha uji. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kuswali.

"Nilikwita," alisema.

"Najua, Mjomba."

"Mara mbili. Ya tatu sikuiwahi, nshaanguka. Kisha nikasikia miguu yako yakimbia." Akatabasamu, meno machache aliyobakiwa nayo yakaonekana. "Nikasema moyoni, huyu hakusahau. Kasoma mpaka kawa mwalimu, na hakusahau nlivyomfunza. Ulifanya vyema, mwanangu."

Nilitaka anitukane. Mguu ule haukuunga sawa, hatapanda tena mkarafuu, na wageni wanapokuja kumwona huwasimulia kisa hiki kwa fahari, mpwa wake mwenye adabu aliyengoja mwito wa tatu. Huwa nakuwepo, na hutikisa kichwa kukubali. Wengine hunipa mkono.

Kuna kitu nimekiruka hapo juu, kama ninavyokiruka mbele ya wageni. Baada ya mwito wa pili hapakuwa na kimya. Kulikuwa na kishindo, na tawi likivunjika, na kisha sauti ileile, ndogo, ikisema, "Ya Rabbi." Ikasema tena, "Ya Rabbi, mguu wangu." Hakuna shetani anayemwita Mola wake hivyo. Mtoto wa chuoni analijua hilo. Nililijua nikiwa nimechutama pale, nikalijua nilipoinuka, na nilikuwa nikilijua wakati wote nilipokuwa nakimbia.

Nilimpangusa uji kidevuni, nikamwambia, "Ndivyo ulivyonifunza, Mjomba."