Taa Nne za Mwalimu Felomena

Ukifika Nachingwea ukauliza mtu wa taa za sherehe, kijana wa bodaboda atakupeleka mpaka kwa bibi mmoja mstaafu, kajifunga kitenge, miwani yake imetiwa kamba isidondoke, na wewe utadhani kijana kakosea nyumba. Hajakosea. Huyo ndiye Mwalimu Felomena Nnunduma, miaka sitini na miwili, na ndani ya ghala lake, pale ambapo majirani wangeweka magunia ya korosho, zimening'inia taa nne zenye shingo, zile zinazogeuka huku na huku na kumwaga mwanga wa rangi sakafuni.

Wastaafu wengi hufuga kuku. Mwalimu Felomena naye alifuga, ukaja ugonjwa wa mdondo ukawafyeka wote kwa wiki moja. Taa hakuzitafuta. Mdogo wake Fortunatus, aliyekuwa na vyombo vya muziki vya kukodisha, alipohamia Masasi alimwachia zile taa pamoja na kontrola yake, kisanduku cheusi chenye vitelezi vinane na safu ya vibonyezo.

"Dada, hizi kaa nazo," alisema. "Zinazunguka zenyewe kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hakuna aliyewahi kuziamuru."

Kumwambia mwalimu wa halaiki kwamba kuna kitu hakiamrishiki ni kumchokoza. Kwa miaka ishirini na minne, kila Mwenge ulipopita wilayani, Felomena ndiye aliyewapanga watoto mia mbili uwanjani wakageuka kwa pamoja, wakainama kwa pamoja, mpaka nguo zao zikaandika maneno yanayosomeka toka jukwaa kuu. Watu walipiga makofi, viongozi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na hakuna aliyemwona yeye, maana mwalimu wa halaiki husimama mbele ya watoto akiwatazama wao, mgongo kwa wageni. Nadhani nusu ya wilaya inaujua mgongo wa Felomena kuliko uso wake.

Basi alifunga madirisha ya ghala mchana kweupe, akatundika mablanketi, akakaa na kijitabu cha maelezo na kamusi. Siku ya kwanza aliposukuma kitelezi, taa zote nne ziligeuka pamoja upande mmoja. Alisukuma tena, zikageuka tena pamoja. Fundi mwingine angepiga simu. Yeye alicheka peke yake.

"Kumbe wote wana namba moja!" alisema. "Ukiwapa watoto wanne namba moja, ukiita moja wataitika wote."

Akazifuata taa moja moja, akafungua kidirisha kidogo kilicho tumboni mwake, akazipa namba. Ya kwanza akaipa moja, ya pili kumi na saba, ya tatu thelathini na tatu, ya nne arobaini na tisa, kwa sababu kila taa ilihitaji nafasi kumi na sita za kwake: moja ya kugeuza shingo, moja ya kuinua na kuinamisha, moja ya rangi, moja ya ukali wa mwanga, na kuendelea. Halafu akazipa majina ya watoto wa halaiki aliowakumbuka kwa utundu wao: Rashidy, Marietha, Abubakary na Sultani. Taa iitwayo Marietha ilikuwa nzito kugeuka, na hadi leo ukipita nje ya ghala lile unaweza kumsikia bibi wa watu akifoka, "Marietha, umechelewa tena!"

Baada ya hapo kazi ilikuwa ileile ya uwanjani. Alichora alama sakafuni kwa chokaa. Akaielekeza kila taa kwenye alama yake, akaihifadhi picha hiyo kwenye kibonyezo, akaenda picha inayofuata. Vibonyezo vinane vilikuwa ukurasa mmoja, kama alivyouita, na ngoma ya hatua ishirini na nne ilikuwa kurasa tatu. Ili asianze upya kila ukumbi, alimwagiza Saturnini fundi wa kuchomelea amtengenezee bomba moja refu la chuma. Taa zote zilifungwa kwenye bomba hilo na zikabaki humo. Bomba likitundikwa juu ya katikati ya uwanja wa kuchezea, kimo kilekile, mwanga uliangukia palepale alipochora. Kitu kimoja tu kilitakiwa: ncha yake moja, aliyoifunga utepe mwekundu, ikae upande uleule kila mara. Mtu aliyefikiri hilo bila kufundishwa na yeyote mimi namvulia kofia.

Agosti iliyopita aliletewa ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa Agape, binti aliyemfundisha zamani pale Nachingwea kabla familia yake haijahamia Ruangwa. Agape hasikii tangu utotoni. Alipokuwa darasa la tano walimu wengine walitaka atolewe kwenye halaiki, maana hasikii filimbi na ataharibu mstari. Felomena alimweka safu ya mbele, katikati, akafunga leso nyeupe kwenye kijiti na kumwongoza kwa hiyo. Mstari haukuharibika.

Ujumbe ulisema: "Mwalimu, ninaagwa kabla ya ndoa, tarehe ishirini na tatu, ukumbini Ruangwa. Nataka niingie nikicheza kama mabinti wengine. Baba mdogo anasema nitaiaibisha familia."

Baba mdogo, Mzee Augustino, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Si mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu. Wakwe walikuwa watumishi waliotoka mikoa mingine, watu wa suti, na hakutaka binti wa kaka yake achekwe mbele yao. Felomena alipompigia simu alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mwalimu wangu, mtoto hasikii ngoma. Atacheza nini?"

"Atacheza taa."

Mzee Augustino akatoa sharti. Agape ataingia akicheza, lakini akipotea hatua moja tu, shangazi yake atamshika mkono amkalishe, na mambo yaishe hapo. Felomena alikubali, kisha usingizi ukamkimbia siku mbili, kwa kuwa alijua mtoto anayekalishwa mbele za watu hasimami tena upesi.

Jumamosi tatu Agape alikuja Nachingwea kufanya mazoezi ghalani. Mpigaji ngoma, Sadiki wa Narung'ombe, alikaa pembeni na ngoma yake. Kila alipopiga pigo kuu, Mwalimu alibonyeza, na duara la mwanga likahama, naye Agape akaruka ndani yake. Duara la buluu lilimwambia songa. Jekundu lilimwambia tikisa mabega. Taa zote nne zikikutana mahali pamoja, zunguka. Hatua ya kwanza ilianzia mlango mkuu, na ya ishirini na nne ilikuwa taa zote nne kukutana mbele ya meza kuu, walipo baba na mama. Jumamosi ya tatu Sadiki aliacha kupiga ghafla ili awajaribu. Mwalimu aliendelea kubonyeza, Agape akaendelea kucheza, na Sadiki akabaki ameshika kichwa.

Siku yenyewe walifika Ruangwa mchana wakakuta umeme umekatika. Vijana wa ukumbi wakapanda ngazi na bomba. Felomena alisimama mlangoni akiwatazama, kama alivyosimama maisha yake yote, akapaza sauti:

"Ncha nyekundu mkono wa kulia!"

Alimaanisha kulia kwao. Mwalimu wa halaiki hana mkono wake mwenyewe. Akisema kulia ni kulia kwa mtoto anayemtazama. Lakini wale vijana hawakuwahi kucheza halaiki yake. Kwa heshima ya bibi wa watu wakaiweka ncha nyekundu upande wa kulia wake yeye, wakashuka. "Freshi, Mwalimu!" wakasema, wakaondoka na ngazi. Wapambaji wakaja nyuma yao, wakalivisha bomba vitambaa vyeupe na vya dhahabu mpaka utepe usionekane.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili na nusu jioni, wageni wamekwisha kukaa. Felomena, mezani kwake kando ya mlango mkuu, alibonyeza hatua ya kwanza kwa mwanga hafifu kujaribu. Duara ambalo lingeangukia mlangoni likaangukia kule mbali, karibu na meza kuu. Akabonyeza ya pili. Nayo ilienda kinyume. Bomba zima lilikuwa limegeuzwa nyuma mbele.

Kulishusha bomba haiwezekani, limefungwa mapambo na chini yake watu wamejaa. Kuzipanga upya hatua ishirini na nne kwa taa nne, wakati wageni wanaangalia saa? Haiwezekani. Na kosa lilikuwa lake, hakuwa na wa kumsingizia. Mzee Augustino alimwona uso, akamsogelea.

"Mwalimu, tuache? Shangazi yake yuko tayari."

"Nipe dakika tano, Mzee."

Alikwenda chumba cha pembeni alikokuwa Agape, kavaa gauni la kijani, miguu haitulii. Felomena alimweleza kwa mikono: taa zimegeuka, mbele imekuwa nyuma, kulia kumekuwa kushoto, nisamehe mwanangu. Alikuwa anakaribia kulia machozi.

Agape alimtazama, halafu akaanza kucheka. Akajibu kwa mikono, polepole, kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi mzito. Siku zote wewe ulisimama unanitazama. Mbele yako ilikuwa nyuma yangu. Kushoto kwako kulikuwa kulia kwangu. Leo taa zimesimama kama wewe. Nitaanzia upande wa pili.

Felomena alipiga hesabu kichwani. Mtoto akianzia meza kuu na kuelekea mlangoni, kila hatua inarudi mahali pake, kushoto kwake kushoto, kulia kwake kulia. Kando ya meza kuu palikuwa na mlango wa jikoni, wanapopitishia vyakula. Kuuliza si ujinga, lakini miaka yote hiyo Mwalimu hakuwahi kumwuliza mtoto halaiki inaonekanaje akiwa upande wake.

Mzee Augustino aliposikia kwamba bibi harusi mtarajiwa ataingilia mlango wa masufuria, alifumba macho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Felomena akaichukua kuwa ndiyo.

Taa za ukumbi zikazimwa. Wageni wakageuza shingo kutazama mlango mkuu, kama ilivyo desturi, na Sadiki akapiga pigo la kwanza. Felomena akabonyeza. Duara la buluu likaangukia mlango wa jikoni, na ndani yake akasimama Agape.

Kulikuwa na mnong'ono, na shangazi aliinuka nusu kitini. Kisha pigo la pili, kibonyezo cha pili, na Agape akawa ndani ya duara la pili kabla mwanga haujatulia. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Kwenye ukurasa wa pili taa nyekundu zilimwangukia akatikisa mabega, na wanawake wakashindwa kujizuia, vigelegele vikapasua ukumbi ambavyo yeye hakuvisikia hata kidogo. Hatua ya kumi na tatu Marietha alichelewa, kama kawaida yake. Felomena aliuma meno. Agape, anayemjua Marietha, aliusubiri mwanga nusu pigo, mguu mmoja hewani, akashuka nao pamoja. Watu walidhani ni madoido. Shangazi akakaa.

Mcheza kwao hutunzwa, na watu walikuwa wamekwisha kuinuka na vitenge vyao kwenda kumtunza, hata mama mkwe na miwani yake ya dhahabu. Mzee Augustino alikuwa analia waziwazi, hajali suti za wakwe.

Felomena alikuwa anafurahi kuliko siku yoyote ya Mwenge. Ni kwenye hatua ya ishirini na moja ndipo alipogundua jambo ambalo kwa wasiwasi hakulifikiria. Hatua ya mwisho ilipangwa kuishia mbele ya meza kuu. Sasa kila kitu kimegeuka. Upande huu, karibu na mlango, hapakuwa na baba wala mama. Palikuwa na meza ndogo, kontrola, na yeye.

Angeweza kuishia ishirini na tatu. Kidole kilisita. Lakini mtoto alikuwa anakuja, macho yake yanasubiri duara la mwisho, na Sadiki ameshainua mkono. Felomena hajawahi kumnyima mtoto hatua yake. Akabonyeza.

Rashidy, Marietha, Abubakary na Sultani wakageuka wote wanne wakamwangukia Mwalimu. Mwanga ulimjaa usoni, na mwili wake ukafanya ulichokizoea: alisimama, akawapa wageni mgongo, uso ukaelekea mlangoni.

Agape alizunguka ndani ya duara kama walivyopanga, mara moja, mara mbili, kisha akaizunguka meza akaja kusimama kati ya mwalimu wake na mlango. Alikuwa anahema. Kutoka kifuani mwa gauni la kijani akatoa leso nyeupe, akaiinua juu ya kichwa chake, na kwa mkono wa pili akatoa amri ambayo Felomena aliwapa watoto wa watu kwa miaka ishirini na minne.

Geuka.

Mwalimu Felomena alivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akageuka akawatazama watu.