Meli Alimozaliwa Synnøve

Kiangazi kile Hartvik Ellingsen nusura amuue binti yake, na miaka mingi ilipita kabla hajaweza kulisema jambo hilo kwa maneno hayo.

Alikuwa mtu wa Tindøya, kisiwa kidogo cha Lofoten, kaskazini mwa Norwe. Majira ya baridi alivua chewa kama kila mtu, na kiangazi akaenda kuwinda nyangumi wadogo kwa boti yake mwenyewe, mzinga wa kurushia chusa ukiwa umefungwa omoni, mbele kabisa. Mpiga mzinga alikuwa yeye. Usukani alimwachia Peder, kaka wa mkewe. Hakuwa mtu wa maneno, na watu walimheshimu kwa sababu mkono wake haukutetemeka.

Meli alimozaliwa binti huyo waliijua wote kisiwani. Iliitwa Havsula, na tangu baada ya Vita Vikuu vya Pili ndiyo iliyowaletea Tindøya barua, unga, ng'ombe, makasisi na majeneza. Gudlaug, mke wa Hartvik, aliposhikwa na uchungu, walimpakia humo kumpeleka hospitali, bahari ikiwa imechafuka hasa. Mkunga aliyefuatana nao alikuwa anatapika kwenye ndoo. Synnøve akazaliwa katika chumba cha posta, juu ya magunia ya barua, na nahodha akawatangazia abiria kwamba amekamatwa mtu aliyepanda bila tiketi.

Baadaye zilikuja boti za kasi, Havsula ikakosa kazi. Iliuzwa, ikasimama bandarini Bodø ikiota kutu, kisha wakainunua vijana wa Kiholanzi na Kijerumani waliotaka meli ya kuzuia uchafuzi wa bahari na uwindaji wa nyangumi. Waliipaka rangi ya kijani, wakaibandika jina la Terra. Synnøve, ambaye wakati huo alikuwa anasoma Hamburg, alisikia kwamba meli alimozaliwa imetia nanga karibu na chuo chake. Akaenda kuitazama siku ya Jumapili, akakuta watu wanagonga kutu, akapewa nyundo. Hakurudi darasani. Nyumbani aliandika kwamba amepata kazi melini, na Hartvik, aliyedhani ni meli ya mizigo, alifurahi na kuwaambia watu gatini kwamba mtoto wa samaki hafundishwi kuogelea na Wajerumani.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, bahari imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Walikuwa wamemfuata nyangumi mmoja tangu asubuhi. Hartvik alisimama nyuma ya mzinga akisubiri mgongo uibuke, ndipo alipoiona meli ya kijani ikija kutoka upande wa jua. Aliitambua kabla hajasoma jina. Ule mbonyeo wa omoni iliupata ilipogonga gati la Tindøya, na bomba lake la moshi lilikuwa limeinamia nyuma vilevile kama zamani. Alihisi kama ameona marehemu anatembea sokoni amevaa nguo za sherehe.

Kutoka ubavuni mwa meli ikateremshwa boti ya mpira, ikaja mbio na kujiweka kati yao na nyangumi. Ndani mlikuwa na watu wawili: mmoja ameshika injini, mwingine amesimama, amewapa mgongo, mikono ameinyoosha pembeni, amevaa koti la rangi ya chungwa na kofia imemfunika hadi masikioni.

"Usiwaangalie hao, shemeji," Peder alisema kutoka usukanini. "Mwangalie nyangumi. Wakichoka watatoka."

Hartvik alikwisha kukutana na watu wa namna hiyo. Alijua boti ya mpira huteleza kushoto na kulia, na kwamba ukiwa na subira nafasi hupatikana. Ikapatikana. Nyangumi aliibuka mbele zaidi, boti ikateleza pembeni, na kati ya chusa na mgongo ule mweusi hapakuwa na kitu. Akavuta kifyatulio. Katika kufumba na kufumbua huko huko, boti ikarudi, na yule aliyesimama akageuka.

Alimwona usoni. Aliona mdomo wake ukisema Baba, ingawa sauti haikumfikia. Kidole kilikuwa kimeshamaliza kazi. Alichoweza ni kuutupa uzito wake wote juu ya mpini, mzinga ukainua pua wakati ule ule unalipuka. Chusa lilipita juu ya vichwa vyao na kuzama mbali. Kamba iliyofungwa kwenye chusa ilianguka kwenye boti, ikamzoa yule wa injini na kumtupa majini. Synnøve alilala sakafuni mwa boti, na kwa muda hakuinuka.

Hartvik alikaa pale pale chini ya mzinga, moshi ukimzunguka, akisikia Peder anauliza nini kimetokea. Alipomwona Synnøve ameinuka na anamvuta mwenzake kutoka majini, alianza kuivuta kamba ya chusa irudi botini.

Walinzi wa pwani waliikamata Terra na kuifikisha Tindøya, kwa kuwa ndiyo bandari ya karibu. Watu walijazana gatini. Wengine walitupa matumbo ya samaki sitahani, na waliotupa ni wale wale ambao zamani walikuwa wakingojea mizigo yao kutoka meli hiyo hiyo. Hartvik hakwenda. Alijifungia jikoni, viatu bado miguuni. Gudlaug aliingia, akafunga mikate kwenye kitambaa, akajaza kahawa kwenye chupa.

"Unapeleka wapi?" Hartvik akamuuliza.

"Kwa mwanangu. Nawe unakuja."

"Ulijua yuko humo?"

"Nilijua," alisema Gudlaug. "Sikujua kwamba watakuja huku."

Akaenda naye. Watu gatini wakawapisha. Synnøve alikuwa amekaa kwenye chumba cha posta cha zamani, ambacho sasa kilikuwa na vitanda na makoti ya mvua. Alipoinuka kuwapokea, Hartvik aliona kwamba anachechemea, akadhani ni kamba yake iliyomuumiza. Lakini kwanza alitaka kujua kwa nini amejitia mbele ya boti ya baba yake, na bahari ni kubwa vile.

"Wenzangu walitaka kwenda wao," alisema Synnøve. "Mimi nikakataa. Niliwaambia yule ni baba yangu, hawezi kufyatua kukiwa na mtu mbele."

"Nilifyatua, Synnøve. Sikujua kama ni wewe."

"Na ingekuwa mtoto wa mtu mwingine?"

Gudlaug alimimina kahawa, hakuna aliyeinywa.

Ndipo Hartvik akauliza habari za mguu, na Synnøve akamtazama mama yake kwanza. Jeraha la mguu halikuwa la siku hiyo. Mwaka wa juzi, katika bahari kuu magharibi ya Hispania, Terra ilikwenda kuizuia meli iliyokuwa ikitupa mapipa ya taka za nyuklia. Synnøve aliegesha boti ya mpira chini ya winchi iliyokuwa ikiyashusha mapipa. Mtu wa winchi aliinama akamtazama vizuri, kisha akaliachia pipa. Lilimvunja nyonga na kupasua boti vipande viwili.

"Yule aliniona, Baba. Wewe hukuniona. Mimi natofautisha."

Hartvik aligeuka kumtazama mkewe. Mwaka huo wa juzi Gudlaug alikuwa ameondoka kwa mwezi mzima, akasema anamuuguza dada yake Trondheim. Kumbe alikuwa Hispania, mtu ambaye hata Oslo hakuwahi kufika, amekaa kando ya kitanda katika hospitali ambamo hakujua hata maneno ya kuomba maji.

"Ungenizuia," alisema Gudlaug. "Au ungekwenda wewe ukafanya jambo la kijinga."

Hakukasirika. Alitamani angekasirika. Alichohisi ni kwamba nyumba yake ilikuwa na chumba ambacho hajawahi kukiona, na mkewe na binti yake walikuwa wakiishi humo.

Terra ilitozwa faini na kuachiwa. Hartvik hakusimama tena nyuma ya mzinga. Kazi hiyo alimpa Peder, yeye akashika usukani, jambo lililomfanya achekwe na wengi na akavumilia. Kuhusu nyangumi hakubadili mawazo. Alisema bahari ni shamba lake, na yeye na binti yake walibishana hivyo hadi uzee. Lakini majira ya baridi yaliyofuata, katika mkutano wa wavuvi huko Svolvær, mtu huyu asiye wa maneno aliinuka na kusimulia habari za mapipa, akataka chama chao kiidai serikali izuie utupaji huo. Alipoulizwa amezipata wapi habari hizo, alisema, "Kwa binti yangu, wa ile meli ya kijani." Mikono ikaanza kunyooshwa kuikubali hoja yake, mmoja mmoja, na Peder akiwa miongoni mwa wa mwisho.

Meli yenyewe ilikufa injini miaka michache baadaye, ikakatwa vyuma Uholanzi. Synnøve alirudi, akafundisha shule Bodø, na kila kiangazi alikuja Tindøya. Gudlaug alipika kwenye vikaango viwili, nyama ya nyangumi kwa Hartvik na chewa kwa Synnøve, na wote wakala meza moja.