Ng'ombe wa Kwanza Huoga Mara Mbili

Juzi nilikuwa mjini Wote kununua dawa ya kupe, na msichana wa dukani akanifungulia kifuniko ninuse, nijue ni halisi. Harufu ile ikanipanda hadi utosini, kali na chungu, kama mafuta ya taa yaliyoingiwa na kitu kibovu. Kabla sijatoa hela nilikuwa nimerudi miaka ya themanini, miguu peku, nimeshika kamba ya ng'ombe wetu Mbua kwenye foleni ya josho la serikali, lile birika la kuogeshea mifugo dawa, nikimwogopa Mzee Kioko.

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa josho. Alikuwa na koti la kaki, fimbo ndefu ya kupimia kina cha dawa, na mdomo ambao mama alisema Mungu aliusahau bila mlango. Aliwatukana watu wazima mbele ya watoto wao. Josho lilifunguliwa Jumanne asubuhi tu, na ukikuta lango limefungwa ungelia mpaka uchoke. Mara nyingine, baada ya sisi kuteremka kilima kizima na mifugo, tulimkuta amekaa juu ya jiwe akichokonoa meno. "Dawa hakuna," alikuwa akisema. Hakutoa sababu wala pole. Wiki mbili, wiki tatu, hakuna.

Lakini lililowachoma watu zaidi ni hili. Siku dawa ilipokuwepo, ng'ombe kumi wa kwanza walipotoka majini aliwarudisha mwanzo, wakaruke tena. Waliodamka na jogoo wakaadhibiwa, na wavivu wakapita mara moja wakaenda zao. Basi kila Jumanne ungeona wazee wenye heshima zao, hata shemasi wa kanisa letu, wamejificha na ng'ombe nyuma ya ua wa minyaa, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie.

Siku moja Mbua, mwenye mimba kubwa, akawa wa kwanza. Kioko akamrudisha. Baba akamsihi, halafu akamtukana. Kioko hakupandisha sauti. Alisema kama anataka ng'ombe wake aogeshwe kama bibi harusi, ampeleke kwake nyumbani. Mbua akaruka mara ya pili akiguna, na baba akaapa kwamba serikali haitamwona tena pale.

Bahati ikawa upande wake, au tulidhani hivyo, kwa sababu mwezi uleule Bwana Muli alikuja kutoka Malili akafungua biashara ya kunyunyizia mifugo dawa pale sokoni kwetu. Alikuwa na pampu mpya ya mgongoni, kivuli cha mabati na benchi la wateja. Alisalimu mpaka watoto. Alifanya kazi kila siku, hata Jumapili baada ya ibada, na neno hakuna halikuwa kinywani mwake. Watu walimhama Kioko wote, na sisi watoto tukawa tukipita joshoni tunatupa mavi ya ng'ombe ndani ya maji yake huku tukiimba jina lake. Wazazi walituona wakacheka.

Mbua alizaa salama. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Mwikali, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na titi limemkauka. Kazi ya kumpeleka Mbua kwa Bwana Muli ilikuwa yangu, nami niliipenda. Alinipa peremende na kuniita daktari.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia baba. Harufu ya dawa ya Kioko nililala nayo kwenye nguo. Ya Bwana Muli iliisha puani kabla sijafika kwetu. Nilijua ni maji. Lakini mtoto aliyezoea kufukuzwa kama mbwa hamsaliti mtu anayemwita daktari. Nilinyonya peremende yangu nikanyamaza.

Mvua za Novemba zilipokuja, Mbua akaacha kula. Bwana Muli alikuja mwenyewe, akampapasa mgongo, akamwambia mama asiwe na wasiwasi, atapona tu. Siku ya tatu baba alimeza kiapo chake, tukaenda kwa Kioko. Alikuja bila kutusalimu. Alishika tezi chini ya sikio la Mbua, zimevimba kama viazi.

"Ni ndigana, homa ya kupe. Mchinje leo," alisema. "Kesho hata nyama hutapata."

Baba akamwita mchawi. Kisha akanigeukia mimi. "Ni wewe ulikuwa unampeleka."

Nilimchukia baba kwa sentensi hiyo kwa miaka mingi, na nilimchukia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Tulimchinja Mbua jioni ile. Bwana Muli alikuja na chumvi, akala, akatupa pole nzuri sana. Mwikali alilia njaa mpaka akaizoea, na miguu yake mpaka leo haijanyooka.

Nilikuwa kidato cha nne mwalimu wa kilimo alipotufundisha kwamba dawa ya josho hutuama chini. Ng'ombe wa kwanza huikoroga kwa miguu, lakini wao wenyewe hutoka wamelowa maji matupu, kwa hiyo lazima warudishwe. Mwalimu aliendelea ubaoni. Mimi nilibaki na kalamu mkononi, nikisikia Mbua akiguna.

Sikuja na habari hiyo nyumbani. Ningeanzia wapi? Baba alikufa akiamini Kioko alimroga ng'ombe wake. Siku ya mazishi Bwana Muli aliketi mbele na familia, akaombwa kuongoza sala, na aliomba vizuri. Mzee Kioko alikuja pia, amevaa lile koti lake la kaki. Alisimama nje ya ua tangu asubuhi mpaka udongo ukarudishwa kaburini, na hakuna aliyempelekea kiti.

Viti vilikuwa kazi yangu siku hiyo. Nilimwona.