Namba Moja, Programu Tatu

Naweka dau hapa hapa, hakuna atakayeamini: mimi niliyeishia darasa la tano ndiye fundi mkuu wa vifaranga. Haya, msaidizi. Fundi mwenyewe ni shemeji, mke wa kaka yangu, mwanamke anayeitukana kompyuta kwa sauti ikimchelewesha.

Mashine yetu ya kutotolesha ni kubwa kama sebule, na kompyuta yake inaendesha programu tatu: ya joto, ya kugeuza mayai na ya kengele. Kila moja ilikuwa na namba zake, haimuulizi mwenzake. Sasa, siku ya kumi na nane joto hushushwa kidogo na mayai hayageuzwi tena. Mwezi uliopita tulishusha kwenye programu ya joto, kengele tukaisahau. Ikadhani kuna baridi, ikapiga mayowe mpaka tukaizima. Joto lilipokuja kupanda kweli, nani angetuambia? Mayai elfu moja yakaiva kama ya kifungua kinywa.

Bosi ni mama asiyepandisha sauti hata akikufukuza. Akamwambia shemeji, "Mwanangu, na haya mayai mapya yakiharibika, Jumatatu usije."

Shemeji akazikusanya namba zote kwenye faili moja, akazielekeza programu zote zisome hapo.

"Ukibadilisha hapa, wote wamesikia," akasema.

"Hata mimi ningeweza."

"Wewe shem? Simu yako yenyewe unaizima kwa kutoa betri."

Siku ya kumi na nane ikafika. Akabadilisha namba, akahifadhi. Mimi huyo, nimeshasimama. "Tayari shem, zimeshaona. Twende tukanywe chai."

Hakusogea. Alikitolea macho kipimajoto dakika kumi nzima. Joto pale pale. Trei za mayai zinageuka tu.

"Zimekudharau," nikacheka.

"Hebu nyamaza! Zilisoma faili zilipowashwa, basi. Hazijarudi kuangalia."

Akaandika mistari michache ili kila programu iwe inarudi kuchungulia faili kila dakika, akaziwasha upya moja moja. Akabadilisha namba tena kuzijaribu, zote zikafuata. Trei zikasimama. Joto likashuka taratibu. Kengele kimya, na haikuzimwa na mtu.

Siku ya ishirini na moja kelele za vifaranga zilisikika hadi barabarani. Bosi akachungulia, akamwambia shemeji, "Jumatatu uje mapema."

Mtaani nimeshatangaza kwamba nimetotolesha mimi. Ila pale niliposema programu zimeshaona, nilikosea.