Mfupa wa Mtu Mwenye Afya

Shule niliiacha kabla haijanishika. Kusoma nilijifunzia sokoni, kwenye magunia ya sukari na ubavuni mwa malori ya ng'ombe. Kwa hiyo daktari wa Garissa aliponiambia kwamba mifupa ya dada yangu ni myembamba kuliko ya mtu mzima mwenye afya, nilimuuliza swali la mtu wa soko: huyo mwenye afya ni nani?

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu, alivunjika mkono huko malishoni Balambala akipakia nyumba juu ya ngamia. Kwetu aqal, nyumba ya fito na mikeka, ni ya mwanamke. Yeye huisimamisha, yeye huibomoa, yeye huipandisha ngamia. Mwanamume hagusi fito hizo, ni aibu. Siku hiyo hakuanguka wala hakupigwa teke. Aliinua fungu la fito, mkono ukalia kama kijiti kikavu.

Daktari, kijana wa kutoka bara, aliinua picha ya eksirei dirishani. "Mzee, ukuta wa mfupa unatakiwa uwe mnene kuliko huu. Kuna vipimo vya kawaida."

"Walipimwa akina nani?"

"Watu wazima wenye afya. Wengi wa ng'ambo."

"Walikunywa maziwa ya ngamia?"

"Sidhani, mzee."

"Basi nipime mimi. Mimi na huyu tumenyonya ziwa moja."

Dada akacheka, mkono kifuani. "Mpige picha, daktari. Tangu utotoni anapenda kutazamwa."

Wakanipiga. Picha mbili zikawekwa bega kwa bega, na sikuhitaji kuelezwa. Nimechinja maisha yangu yote. Kwetu mfupa wa mguu ukipasuliwa, watu hutazama ukuta wake na uboho wake kabla ya kula, wajue mnyama alipitia ukame gani. Wangu ulikuwa mfupa wa fahali. Wa dada yangu ulikuwa wa ng'ombe aliyezaa kila mwaka akakamuliwa mpaka tone la mwisho.

"Basi mzee, mwenye afya ni wewe," daktari akasema.

Nimesifiwa sana maishani, na sikatai, napenda. Sifa hiyo sikuitaka.

Daktari akatueleza chanzo: umri, uzazi mwingi, kunyonyesha na chakula kidogo. Dada akiinua mizigo tena, kitakachofuata ni nyonga. Nyonga ikivunjika, huenda asisimame tena.

Nikamwambia dada abaki kwangu mjini. Nyumba ya mawe, niliijenga kwa jasho langu.

"Walaal, ndugu yangu, nyumba yako haina miguu. Nikae nikitazama ukuta?"

"Na huko nani atakupakilia? Binti zako wameolewa mbali, mmoja Griftu, mwingine Ijara."

Plasta ilipotolewa, akarudi Balambala.

Malisho yalipokwisha na jamaa wakataka kuhama, nikaenda. Nilimkuta ameshamlaza ngamia, anainamia fito. Nikazichukua mimi kwanza.

Wanawake waliacha kazi wakanitazama. Kisha wifi yake akapiga kelele: "Wallahi, mzee wa Garissa ameolewa!"

"Mahari alipewa nani?" mwingine akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana.

Niliwaacha wacheke. Nikafunga, na nikafunga vibaya.

"Fundo gani hilo?" dada akafoka. "Unafunga mbuzi? Legeza. Anza upya."

Nikalegeza. Nikaanza upya. Alisimama kando, mikono nyuma, akiniamuru kama mtoto, na ngamia alipoinuka nyumba haikuyumba. Kufikia hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. Wifi yake alikuja kimya akashika upande wa pili wa mikeka.

Tangu hapo, kila walipohama nilikwenda. Wazee wenzangu walisema walichosema. Dada yangu ameshatangulia mbele ya haki, kwa homa. Nyonga yake haikuvunjika; tulimzika nayo nzima.