Mkwe Darajani

Kilichomtia kinyaa Tulinagwe kuliko yote ni watu kulia chakula juu ya mawe yale. Ni mawe bapa ya kando ya kijito, huko bondeni mtaa wa Mtoni, mjini Tukuyu, ambako yeye na wenzake walikuwa wakifulia nepi za watoto na mashuka ya wagonjwa. Sasa yametandikwa vitambaa vyeupe, na wageni kutoka Mbeya na Dar wanayaegemea kwa viwiko wakinywa juisi ya parachichi. Alikuwa akipita pale anatema mate pembeni.

Zamani Mtoni hapakuwa mahali pa kujisifia. Palikuwa na matope, magimbi na mbu, na ukimwambia mtu wa mjini kwamba unakaa Mtoni, kwanza alikutazama viatu. Halafu wenye pesa wakagundua kwamba asubuhi, ukungu ukishaondoka, mtu akikaa pale na kikombe chake anauona Mlima Rungwe wote. Basi ikawa balaa. Migomba ikakatwa, kisha, ajabu ya Mungu, ikapandwa mingine ya mapambo isiyozaa hata kidole kimoja. Majirani wakauza, mmoja mmoja wakahamia Kawetele. Tulinagwe, mjane wa mchuma chai, akabaki na nyumba yake ya tofali katikati ya lodge na migahawa, na taa zinazobadilika rangi zikimulika mpaka dirishani kwake.

Jambo moja la zamani alikuwa bado analo, nalo alilishika kwa mikono miwili: adabu yake kwa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani na baba mkwe njiani, wala hamtazami usoni. Vijana wa leo wanapakizana na wakwe zao kwenye bodaboda moja na hawaoni tabu. Lakini Tulinagwe na Mzee Anyelwisye walishikilia yao. Tangu ameolewa hadi mvi zimemjaa, hakuwahi kuuona uso wa mzee yule kwa karibu. Siku ya kumzika mumewe, mzee alisubiri nyuma ya nyumba mpaka yeye alipoondoka kaburini, ndipo akaenda kumlilia mwanawe. Mtu wa nje angesema ni woga. Wao wawili walijua kuwa ni heshima, na walikuwa wamezeeka nayo.

Ndiyo maana kijito kilikuwa na njia mbili: ya juu wakipita wazee wa kiume, ya chini wakipita wake za watoto wao. Aika, meneja wa lodge moja ya pale, binti mchangamfu wa Moshi anayemwambia kila mtu "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, hata akimkanyaga, akaisimamishia njia ya chini kibao: NJIA YA WAPENDANAO. Tulinagwe alipokiona damu ilimchemka. Akaenda ofisini kwa Aika, akamweleza yote, njia zile zilikuwa za nini, na kwamba yeye na mkwewe wanakwepana hadi leo.

"Mama, hiyo historia tamu jamani," Aika akasema, mkono kifuani. "Jumamosi tunazindua matembezi ya mtaa. Njoo uwaonyeshe wageni mlivyokuwa mnachota maji."

"Na kibao?"

"Tutakibadilisha, mama. Wewe njoo tu."

Akakubali kwa ajili ya kibao. Jumamosi akavaa kitenge chake cha kanisani, akafika, akapewa chungu cha Kyela. Akasema yeye maisha yake yote alichotea debe, baadaye ndoo ya plastiki.

"Ndoo haipendezi kwenye picha, mama," Aika akasema, akamtwika chungu na kumwelekeza avuke taratibu kidaraja kipya cha mbao, chembamba, kisicho na vishikio.

Alikuwa amefika katikati alipomwona Mzee Anyelwisye anakuja kutoka ng'ambo, kashikwa mkono na mhudumu. Macho ya mzee yameshaharibika, hakujua anapelekwa kwa nani. Walikuwa wamemfunga shuka begani, yeye ambaye siku zote ni mtu wa koti. Tulinagwe akageuka arudi, akakuta wageni wamejaa nyuma yake na simu zao juu.

"Na huyu ndiye baba mkwe wake," Aika akatangaza. "Leo, kwa mara ya kwanza, wanakutana ana kwa ana."

Kinyaa kikampanda Tulinagwe. Kumbe alikuwa amekwenda mwenyewe ofisini kuwapa siri yao. Akageuzia uso pembeni, akajitupa kijitoni. Maji yakamfika kiunoni, chungu kikapasuka. Mzee akauliza kwa Kinyakyusa ni nani huyo, na alipokosa jibu akaelewa kuwa ni mkwewe. Akageukia upande wa pili, akajifunika uso kwa lile shuka lao.

Wageni wakapiga makofi.

Aika akainama ukingoni, anatabasamu. "Ndaga fijo, mama. Imetoka safi. Kuna dada hapa simu yake iligoma. Panda turudie kidogo, chungu kingine kipo."

Tulinagwe akakipa kisogo kidaraja. Akakusanya kitenge chake kilicholowa, akaanza kutembea mlemle majini kufuata mkondo, miguu ikiteleza. Nyuma yake alimsikia Aika akiwaeleza wageni kwamba wanawake wa hapa walikuwa wakirudi nyumbani hivyo siku zote, na kwamba Jumamosi ijayo wanaweza kuja na watoto.