Plasta Kwenye Kona ya Picha

Wadau, kuna siku nilibandika plasta, na hakukuwa na kidonda. Niliibandika kwenye kompyuta ya bosi wangu.

Mimi ni mpiga picha za CT, ile mashine ya duara inayommeza mtu akiwa amelala. Bosi ni daktari anayezisoma. Tunamwita Mzee Mchanga, maana nikipunguza mionzi tu, ananuna.

"Picha ina mchanga hii, chenga tupu. Rudia!"

Kurudia maana yake mgonjwa anakula mionzi mara mbili. Sasa hapo nimepunguza nini?

Safari hii mgonjwa alikuwa shangazi yangu. Ana kidoa kwenye pafu, na kila miezi mitatu lazima apigwe picha ya kifua. Niliogopa kweli. Mionzi yote hiyo, mwaka hadi mwaka, itamwacha salama?

"Shangazi, leo nakupunguzia mionzi."

"Heee! Wengine unawajazia, shangazi yako unambania?"

"Inua mikono juu ya kichwa."

"Na mkoba wangu?"

"Naushika mimi."

Nikamlaza katikati kabisa, akabana pumzi. Nikapiga kwa robo ya dozi ya kawaida ya mionzi, programu ya kusafisha picha ikamalizia.

Mzee Mchanga huanza kutazama kona, pale mashine inapoandika tarehe na dozi. Akiona namba ndogo, anaanza kuuona mchanga. Nikaweka picha mbili sambamba kwenye kompyuta yake, ya leo na ile iliyopita, nikafunika kona zote mbili kwa plasta.

Akainama. Akisema rudia, shangazi anarudi kwenye mashine.

"Ya kulia safi! Kidoa nakiona mpaka kingo. Ya kushoto ina michirizi. Umepunguza mionzi tena, wewe!"

Nikabandua plasta. Ya kulia ndiyo ya leo, robo dozi. Ya kushoto, dozi kamili.

Akasogeza miwani, akapima kidoa. Kimepungua. Nusura nimkumbatie.

"Sasa hii chafu ya dozi kamili, alipiga nani?"

Nilipiga mimi. Siku ile shangazi aligoma kuachia mkoba, mikono ikabaki ubavuni na kutia michirizi kwenye picha, nami nikaona haya kubishana naye.

Mzee Mchanga akacheka mpaka akavua miwani. "Kuanzia kesho, dozi ndogo. Na mikoba yote utashika wewe."

Jamani, picha ikiwa mbaya, msikimbilie kuongeza mionzi. Kwanza mwambieni shangazi ainue mikono.